Kabla hujalipia meza ya pool, pima kimo cha raba: mwongozo kwa wa Tabora na Kigoma

Malalamiko mnayoniletea kuhusu meza za pool za nyumbani yamefanana mno. Mtu wa Isevya, Tabora, kaagiza meza Dar es Salaam, imefika na lori, imefungwa sebuleni, watoto wamefurahi. Haupiti muda, mpira ukipigwa kwa nguvu unaruka ukingo na kudondokea kwenye vigae. Mwingine yuko Mwanga, Kigoma, na kwake ni kinyume: mpira ukigonga pembeni unafia hapohapo, hauna nguvu ya kurudi. Wote wamemwita fundi, fundi kaweka pima maji, kasema meza imelala sawasawa. Wote wamempigia muuzaji, naye kawajibu kwamba hawajui kupiga.

Wanajua kupiga. Shida iko kwenye raba za pembeni, na hasa kimo chake kutoka kitambaani. Hilo ndilo linaloamua kama meza yako ni meza au ni samani, na ndilo ambalo hakuna tangazo hata moja linalolitaja.

Mengine nitayapita haraka. Ukubwa: kwa nyumba nyingi za kwetu futi saba inatosha. Eneo lake la kuchezea ni sentimita 198 kwa 99, na fimbo ya kawaida ina karibu mita moja na nusu, kwa hiyo chumba cha mita 5 kwa 4 kinakupa nafasi ya kurudisha mkono bila kugonga ukuta. Futi nane na tisa waachie wenye ukumbi. Rangi ya kitambaa na nakshi za miguu ni mapenzi yako. Jiwe lililo chini ya kitambaa kila mtu anauliza, na mnafanya vizuri kuuliza: liwe sileti, unene usiopungua milimita 25 hivi ukitaka la kudumu. Jiwe hilo kwa meza ya futi nane lina zaidi ya kilo 200, kwa hiyo ukiambiwa meza ina jiwe halafu vijana wawili wanaishusha kwenye gari huku wanapiga soga, umeshajua.

Sasa raba. Ukikata ukingo wa meza ukautazama kwa ubavu, utaona raba ina umbo la pembetatu, na ncha yake ndiyo inayokutana na mpira. Ncha hiyo haigongi mpira katikati. Inaugonga juu kidogo ya katikati, na kanuni za kimataifa zinataka iwe kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, kwa kuzidi au kupungua asilimia moja tu. Hapo mpira unarudi ukiwa umelala kitambaani, na kasi yake inabaki. Ncha ikishuka karibu na katikati ya mpira, mpira unapanda na kuruka. Ikipanda mno, inaukandamiza mpira chini, unapoteza kasi, na kitambaa kinachimbika mstari kuzunguka meza nzima.

Haya, chukua rula. Mipira mikubwa, ile yenye namba na michirizi, ina kipenyo cha milimita 57.15. Asilimia 63.5 yake ni milimita 36 na kidogo. Mipira midogo ya Kiingereza, ile myekundu na njano, ina milimita 50.8, na kwa uwiano huohuo ncha inatakiwa kuwa kwenye milimita 32 hivi. Tofauti ni milimita nne tu, jicho haliioni. Lakini weka mipira mikubwa kwenye meza iliyofungwa raba za mipira midogo, ncha inaangukia asilimia 56, na hiyo ndiyo meza ya Isevya inayorusha mipira. Geuza, weka mipira midogo kwenye raba za milimita 36, ncha inafika asilimia 71, na umepata meza ya Mwanga. Muuzaji kachukua meza huku, mipira kule, kaviweka pamoja, kakuuzia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ni rula ya chuma iliyosimamishwa kitambaani, ikisogezwa hadi iguse ncha ya raba. Pima kila upande. Meza ina vipande sita vya raba, na nimeona meza ambayo vitano viko sawa na cha sita kimebandikwa na mtu mwingine siku nyingine. Kipimo cha pili ni mkono: piga mpira kwa nguvu, fimbo ikiwa imelala, kwa urefu wa meza. Kwenye meza nzima mpira unatakiwa kwenda na kurudi mpaka ukamilishe urefu wa meza mara nne au nne na nusu bila kuruka. Ukiishia mara mbili, usisikilize hadithi. Kipimo cha tatu ni kidole gumba: bonyeza ncha, ibonyee na kurudi papo hapo. Halafu gonga ukingo kwa ngumi taratibu kuanzia kona hadi kona. Sauti ikibadilika ghafla kuwa kavu, hapo raba imeachia gundi au imekauka.

Kukauka ni jambo letu sisi wa huku. Raba nzuri ni ya utomvu asilia, na inakaa miaka mingi ikitunzwa, ila adui zake ni joto na jua. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuipika raba na salfa isigande kwa baridi wala kuyeyuka kwa joto, na baada ya hapo watengenezaji wa meza wa Uingereza wakaacha kujaza kingo kwa vitambaa. Mwaka 1845 kampuni ya Thurston ya London ilikuwa imeshampelekea Malkia Victoria kingo za raba hiyo. Kwa hiyo hili si jambo jipya ambalo muuzaji wa leo anaweza kusema halijui. Lakini raba za bei rahisi huchanganywa na unga mwingi wa udongo, na hizo ukiziweka mbele ya dirisha la magharibi mwezi wa kumi, Tabora, zinageuka ubao. Kigoma shida ni nyingine: unyevu wa ziwa unaingia kwenye mbao za unga, zile za vumbi la mti lililoshindiliwa kwa gundi, zilizo nyuma ya raba, mbao zinavimba, ncha inapanda. Raba ni nzima, kimo kimekufa.

Mipira nayo inahusika. Mimi ni mtu wa mipira ya Aramith na sifichi. Inatengenezwa Ubelgiji na kampuni ya Saluc kwa plastiki ngumu iitwayo fenoliki, na inabaki na kipenyo chake kwa miaka. Mipira laini ya bei rahisi inalika, inapungua, na ikipungua uwiano wa raba unaondoka hata kama meza ilikuwa sawa siku ya kwanza. Zamani mipira hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na sehemu ya pembe zilizobebwa mabegani kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani ziliishia kwenye meza za namna hii Ulaya na Marekani. Tabora yetu imeulipia mchezo huu kwa mabega ya wazee wetu. Inaniuma nikiona leo tunaletewa mabaki yake.

Niwapangie sasa.

Namba moja kwangu ni Brunswick, na nikiweza kumshawishi mtu mmoja tu mwenye uwezo aingize moja, nitafurahi. Kampuni ilianzishwa na John Moses Brunswick kule Cincinnati mwaka 1845, na meza yao ya Gold Crown iko sokoni tangu 1961. Ninachoipendea si jina. Meza na raba vinauzwa pamoja kwa jina moja, na mipira yake ni ile mikubwa bila kubahatisha. Ni ghali, na meli, bandari na lori hadi huku vinaongeza. Lakini ukisikia mtu wa mradi au mgodi anahama na anauza Gold Crown iliyotumika, nenda na rula yako siku hiyohiyo. Hata ikiwa na raba zilizochoka, mbao na jiwe lake vinastahili raba mpya. Olhausen ya Tennessee inaifuata karibu, kwa sababu wao raba zao za Accu-Fast wanazidhamini maisha, na kampuni inayothubutu kudhamini raba inajua inauza nini.

Namba mbili itawashangaza: meza ya fundi seremala wa hapahapa Tabora, mkimsimamia. Mninga wetu, ule wa Urambo na Sikonge, ni mti unaosinyaa kidogo sana ukishakauka vizuri, na hautetereki kati ya masika na kiangazi. Ukingo wa mninga unashika kimo cha raba kuliko mbao za unga zinazotoka ng'ambo zimevikwa karatasi yenye picha ya mti. Mafundi wetu wanachonga vitanda vya kukaa vizazi, hawashindwi kuchonga ukingo. Wanachokosa ni vipimo, na hilo ni lenu. Jiwe nunueni peke yake. Raba agizeni peke yake, Artemis ya Ujerumani mkiweza, umbo la K-66 kwa mipira mikubwa. Angalieni msiuziwe K-55 kwa jina la K-66. Kwa macho zinafanana lakini kila moja inataka ubao wa vipimo vyake. Mpeni fundi mpira mmoja na rula, mwambieni milimita 36 kutoka kitambaani, kitambaa kikiwa kimeshavutwa. Mbao ziwe zimekauka kweli, si zile zinazonukia bado msitu.

Namba tatu ni meza za China zenye jiwe. Hapa msizitie zote kapu moja. Rasson ni ya China na inaheshimika kwenye mashindano makubwa ya dunia, naiweka juu ya meza nyingi za Ulaya. Lakini nyingi zinazofika kwetu hazina jina, au zina jina lililobandikwa na muuzaji. Hizo zipimwe moja baada ya nyingine, kwa sababu mbili zilizotoka kontena moja zinaweza kutofautiana. Mkiipata yenye kimo sahihi, nunueni bila wasiwasi.

Namba nne ni meza iliyostaafu baa, ya kutumbukiza sarafu. Jiwe lake mara nyingi ni la kweli, na kwa sababu hiyo bei yake huwa na maana. Ila kumbukeni mashine yake ya ndani hurudisha mpira mweupe peke yake kwa kuutofautisha na mingine, ama kwa ukubwa ama kwa sumaku. Kama ni kwa ukubwa, mpira mweupe una uwiano wake na raba na mingine ina wake, basi hamtapata meza iliyo sawa kwa yote. Hesabuni raba mpya, kitambaa kipya na fundi wa kufungua mashine ndani ya bei, kabla hamjasema mmepata rahisi.

Meza za mbao za unga za kukunja, zile za kuegeshwa ukutani, ni za watoto wa chini ya miaka kumi. Nunueni kama mnanunua mdoli.

Nina jambo na wauzaji. Kwa nini meza inatangazwa kwa picha kumi na hakuna bei? Ukiuliza unajibiwa uko mkoa gani, na ukisema Tabora bei inapanda kabla hata usafiri haujatajwa. Treni inafika Tabora, lami inafika Tabora, mzigo wa meza si wa kwenda mwezini. Halafu jiwe likifika limepasuka, muuzaji anasema lilitoka zima, dereva anasema alilipokea limefungwa, na mwenye meza anabaki na vipande. Sileti hubebwa ndani ya kasha la mbao, hailazwi chini ya magunia. Muuzaji asiyejua hilo hajawahi kujali meza yake inafikaje.

Na mtu anayeuza meza ya mamilioni bila rula dukani, akakuambia raba itajilainisha ukiendelea kucheza, anakudanganya machoni. Raba hailainiki kwa kuchezewa. Inakuwa ngumu zaidi kila mwaka.

Kwa hiyo mkilipa, lipeni nusu, na risiti iandikwe mambo manne kwa kalamu: unene wa jiwe kwa milimita, kipenyo cha mipira kwa milimita, kimo cha raba kutoka kitambaani kwa milimita, na jina la atakayelipia jiwe likifika limepasuka. Nusu ya pili itoke baada ya meza kufungwa nyumbani kwako na rula kupita kwenye vipande vyote sita. Muuzaji akikataa kuandika kimo cha raba, muulize amekiuza kitu gani ambacho hakijui, halafu uende duka la pili.