TAHADHARI: Madabodi za kubandikwa stika zinazouzwa kwa jina la ovakloki

Wakuu, kuna matangazo mengi yanazunguka ya madabodi "mpya kabisa, inaovakloki, fezi 12" (kuovakloki ni kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani; fezi ni njia za umeme zinazogawana mzigo wa kuilisha prosesa), yanayowalenga wanaotaka kupandisha kasi ya prosesa kwa bajeti ndogo. Sehemu kubwa ni changa la macho. Bodi inawaka, Windows inaingia, mnunuzi anafurahi na kumpa muuzaji nyota tano. Baadaye anaingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi kabla ya Windows), anaandika kizidishi 40 (namba inayozidisha saa ya msingi ya MHz 100 ili kupata kasi, yaani 40 ni GHz 4), anahifadhi, kompyuta inajizima na kuwaka, na prosesa inabaki palepale kwenye 33. Muda wa kurudisha mzigo nao umekwisha.

Ili ovakloki ifanyike, vitu vitatu lazima vikubaliane: prosesa ambayo kizidishi chake hakijafungwa, chipseti (chipu ya bodi inayosimamia vifaa vyake) inayoruhusu, na BIOS yenye menyu inayofanya kazi kweli. Kimoja kikikataa, viwili vilivyobaki havisaidii. Kwa Intel za kawaida za miaka ya karibuni, prosesa iwe na K kwenye jina (K, KF au KS) na chipseti iwe ya Z: Z690, Z790 au Z890. Core i5-12400F haina K, kwa hiyo hata ukiipachika kwenye Z790 ya kifahari kizidishi chake hakipandi. Kwa AMD mambo ni kinyume kidogo: Ryzen nyingi ziko wazi, ila bodi ndiyo inayoweza kukukwamisha. A320, A520, A620 na B840 hazikuwekwa kwa ajili ya kuovakloki prosesa, wakati B450, B550, B650, B850 na zile za X zinaruhusu. Isipokuwa chache kama Ryzen 7 5800X3D. Hiyo imefungwa kizidishi tangu kiwandani, ipachike popote utakapo.

Hapo ndipo muuzaji anapoingiza nusu ya ukweli. Bodi za B660 na B760 zinaruhusu kuovakloki RAM, basi anaandika "OC" kwa herufi kubwa na kukuonyesha boksi lenye maandishi kama "DDR5 7200+(OC)". Maandishi hayo ni ya kweli, ila yanazungumzia RAM peke yake. Muulize swali moja la moja kwa moja: je, kizidishi cha prosesa kinabadilika kwenye bodi hii, ndiyo au hapana? Akianza kukuzungusha na habari za XMP (mipangilio ya kasi ya RAM iliyoandaliwa kiwandani), umeshapata jibu. (Kuna bodi chache za B660 zilizowekewa jenereta ya saa ya nje, ambazo ziliweza kupandisha hata prosesa zisizo na K kupitia BCLK, yaani ile saa ya msingi. Ni chache na zinajulikana kwa majina. Anayeuza B660 ya kawaida kwa hoja hiyo anakudanganya.)

Sasa tuje kwenye X79 na X99, maana humu ndimo watu wanaumizwa zaidi. Chipseti ya X79 ilitoka 2011 na X99 ikatoka 2014. Bodi nyingi zinazouzwa leo kama "X99 mpya" ni mpya kwa ubao tu. Chipseti yake imeng'olewa kwenye kompyuta za zamani za ofisini ikachomelewa upya. Juu yake kunawekwa hitisinki (chuma cha kupoza joto) yenye nembo, na jina "X99" limechapwa ubaoni kwa wino mweupe. Ukiitazama ndani unakuta Q87, B85 au H81. Kwenye zile za X79 unakuta B75 au H61. Inafanya kazi kwa sababu kwenye soketi ya LGA 2011-3 (ile ya X99) RAM na njia kuu za PCIe (za kadi ya grafiki) zinatoka kwenye prosesa yenyewe, chipseti inabaki na kazi za SATA (plagi za diski), USB na mengineyo madogo. Ila dalili utaziona. X99 halisi ina SATA 10, zote za gigabiti 6 kwa sekunde. H81 ina 4, na mbili kati ya hizo ni za gigabiti 3. Usingizi wa kompyuta mara nyingi haufanyi kazi: ukiilaza, haiamki. Nyingine zina nafasi nne za RAM lakini zimeunganishwa chaneli mbili tu, wakati prosesa ina uwezo wa chaneli nne.

Kuigundua hakuhitaji kung'oa chochote. Fungua CPU-Z (programu ya kusoma vifaa vya kompyuta), nenda ukurasa wa Mainboard, usiishie kwenye mstari wa Model. Huo ni maandishi yaliyoandikwa ndani ya BIOS na mtu yeyote mwenye programu anaweza kuyabadilisha. Shuka mstari wa Southbridge, yaani chipseti. Huo unatokana na namba ya utambulisho ya chipu yenyewe, na ndiyo maana bodi iliyojiita X99 juu inaweza kusomeka Q87 chini yake. Hakikisha tena kwenye Device Manager, sehemu ya System devices, tafuta kifaa chenye neno LPC.

Pamoja na bodi hizo huwa wanakufungia Xeon (prosesa za Intel za seva), na ahadi kwamba "seti nzima inaovakloki". Xeon E5-2680 v3 na E5-2680 v4 zimefungwa kizidishi, zote mbili. Zilizo wazi ni za familia ya 1600, kama E5-1650 v2 na E5-1650 v3. Anachokuonyesha muuzaji kwenye v3 ni BIOS iliyochezewa inayolazimisha koa zote (viini vya prosesa) zikimbie kwa kasi ya juu ya tabo (turbo, kasi ambayo prosesa hujipandishia yenyewe), ambayo kwa 2680 v3 ni GHz 3.3. Ni ujanja unaofaa, sikatai, lakini dari ni ileile iliyowekwa na Intel. Kwenye v4 ujanja huo haupo kabisa. Kwa vile BIOS za bodi hizi zimeachwa menyu zote wazi, sehemu ya kizidishi unaiona na unaweza kuandika namba yoyote. Haifanyi kitu. Kinachobaki ni kuchezea BCLK kutoka 100 hadi 103 hivi, yaani GHz 3.3 inakuwa karibu 3.4. Ukiilazimisha zaidi, PCIe na SATA zinavutwa nayo na mafaili yanaanza kuharibika kimyakimya.

Turudi kwenye "fezi 12". Hesabu ni hii. Core i9-13900K kwa kiwango cha Intel inakula hadi wati 253. Ukiiovakloki inapita 300 bila shida. Wati 300 kwa volti 1.3 ni takriban ampea 230 zinazopita kwenye sakiti ya umeme ya prosesa (VRM). Zikigawanywa kwa fezi 12 za kweli, kila moja inabeba kama 19. Zikiwa 6, kila moja inabeba 38. Joto linalotokana na ukinzani wa mosfeti (swichi ndogo za umeme za kila fezi) hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ampea mara mbili ni joto mara nne kwenye kila fezi. Ndiyo maana wauzaji wanapenda kuzidisha idadi ya fezi.

Wanaizidisha hivi: wanahesabu koili. Koili ni vile vijiboksi vya mraba vya kijivu vilivyopangwa kuzunguka soketi, mara nyingi vimeandikwa R15 au R22. Kuviongeza ni rahisi. Angalia kilicho kando yake. Kwenye bodi nzuri kila koili ina chipu yake moja ya pauastegi (mosfeti zote za fezi ndani ya chipu moja), na kwenye bodi za kawaida kila koili ina mosfeti ya juu na moja au mbili za chini. Ukiona koili mbili zinachangia seti moja ya mosfeti, au nafasi za mosfeti zilizoachwa tupu zikionyesha risasi tu, hizo si fezi mbili. Pia baadhi ya koili si za koa kabisa, ni za grafiki ya ndani, SoC (sehemu za prosesa zisizo koa) au RAM, na tangazo linazijumlisha zote. Omba picha ya eneo hilo hitisinki ikiwa imefunguliwa. Muuzaji wa bodi iliyotumika anayekataa kufungua skrubu mbili huenda ana sababu. Chini ya hitisinki hizo kuna bodi ambazo hazina hata pedi ya joto: alumini inaelea milimita moja juu ya mosfeti, imewekwa kwa ajili ya picha.

Tazama na plagi ya umeme wa prosesa. Plagi ya pini 4 ina nyaya mbili tu za volti 12. Wati 300 hapo ni zaidi ya ampea 12 kwa kila waya, plastiki inalainika. Bodi yenye pini 4 pekee isikuingie akilini kwa kazi hii, hata kama stika yake inawaka taa za rangi saba.

Kuhusu ushahidi: picha ya skrini peke yake usiikubali. Jina la prosesa kwenye ukurasa wa System wa Windows linabadilishwa kwa rejista kwa sekunde chache. Omba video moja isiyokatwa, ikianza kompyuta ikiwa imezimwa: aiwashe, aingie BIOS, apandishe kizidishi kwa hatua mbili au tatu, ahifadhi, afike Windows, afungue CPU-Z na HWiNFO (programu ya kusoma joto na kasi), kisha aendeshe Cinebench (jaribio linaloibana prosesa) kwa dakika 10 huku HWiNFO ikionekana. Macho yako yawe kwenye Effective Clock (kasi halisi inayofanya kazi), si kasi ya kawaida, na kwenye joto la VRM. Kasi ikianza vizuri halafu ikashuka baada ya dakika tatu nne wakati prosesa yenyewe haijachemka, huenda VRM imezidiwa. Zaidi ya hapo mwombe atume Validation ya CPU-Z (kiungo cha mtandaoni chenye vipimo vya kompyuta yake), na kwenye sehemu ya jina aandike neno utakalomchagulia wewe dakika hiyohiyo. Kiungo cha zamani kinaweza kuwa cha bodi ya mtu mwingine.

Mzigo ukifika, usithibitishe kupokea kabla hujamaliza kuukagua, hata muuzaji akusihi vipi, na usikubali kulipa nje ya mfumo ulionunulia. Rekodi ukifungua boksi. Kabla ya kugusa chochote piga picha soketi kwa pembe, tochi ikiwa ubavuni. Pini iliyopinda inaonekana kama doa linalong'aa tofauti na wenzake. Ukishapachika prosesa, muuzaji atasema umeipinda wewe. Linganisha namba ya mfululizo (serial number) ya stika ya bodi na ya boksi, na soma toleo lililochapwa pembeni ya ubao, maana jina moja linaweza kuwa na rev 1.0 na rev nyingine yenye VRM dhaifu. Jaribu RAM kwenye kila nafasi, moja baada ya nyingine. Nafasi ikikataa, mara nyingi ni pini. Mabaki ya flaksi (dawa ya kuchomelea) yanayonata au rangi ya kahawia nyuma ya ubao, usawa wa mosfeti, ni alama kwamba iliungua ikarudishwa.

Uliyekwisha kuuziwa, usiiovakloki ukitafuta kuokoa fedha yako. Weka BIOS kwenye mipangilio ya awali, hifadhi picha ya Southbridge pamoja na tangazo kabla halijafutwa, na fungua madai kwa hoja ya "bidhaa tofauti na maelezo". Hoja ya "haiovakloki vizuri" wataibishania wiki nzima; chipseti iliyoandikwa X99 ikasomeka Q87 haina ubishi. Wakikurudishia sehemu tu ya fedha na bodi ukabaki nayo, Xeon kwa kasi yake ya kawaida bado inafaa kwa kurenda video au seva ndogo ya nyumbani, ilimradi uipe feni inayopuliza VRM moja kwa moja.