Shokapu za pikipiki ya safari iliyotumika: anza na ipi, acha ipi

Pikipiki ya safari ndefu ikishatembea kilomita 60,000 au 80,000 injini bado inakuwa kwenye ubora wake, ila shokapu zimeshachoka kitambo na mwenyewe hajui, kwa sababu zinachoka polepole na mwili unazoea. Unaanza kuona pua inazama sana ukishika breki, nyuma inayumba kwenye kona ndefu ukiwa na mizigo, ukivuka tuta inadunda mara tatu ndo itulie. Hapo watu wanakimbilia kununua shokapu yenye vibonyezo vingi na rangi ya kung'aa. Mimi nasema hela yako ya kwanza iende kwenye springi inayolingana na uzito wako, hizo skrubu za kurekebisha zije baadaye. Springi ikiwa sio yako hakuna skrubu itakayokuokoa.

Ila kabla ya kununua chochote pima. Inua pikipiki mpaka tairi la nyuma lining'inie, chukua futi upime kutoka ekseli mpaka alama fulani kwenye bodi juu yake, halafu ishushe, vaa nguo zako zote za safari na helmeti, panda, mtu mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo kwa pikipiki nyingi za barabarani iwe kati ya milimita 30 na 40. Halafu shuka upime pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake tu, inatakiwa ishuke kama milimita 10 hadi 15 hivi. Sasa sikiliza hapa maana wengi wanapachanganya: kama ukipanda vipimo viko sawa lakini ukishuka pikipiki haishuki kabisa, springi yako ni LAINI mno, sio ngumu, umeikaza nati mpaka mwisho ndo ikakubeba. Kukaza springi hakuiongezei ugumu, kunainua pikipiki tu.

Angalia pia tairi na upepo wake, beringi za usukani, na zile beringi za viunganishi vya shokapu ya nyuma ambazo mafundi wengi hawazigusi miaka na miaka. Zikikauka grisi na kushika kutu, hata shokapu ya bei mbaya itafanya kazi kama mbovu.

Haya, NAMBA MOJA kwangu ni springi mpya za mbele pamoja na oili mpya, sili na bushi. Ndo kitu cha bei ndogo chenye mabadiliko makubwa kuliko vyote. Viwanda vingi vinaweka springi laini za mtu mwepesi anayetembea peke yake, wewe una kilo 95 na boksi tatu. Wilbers na Hyperpro wanatengeneza za pikipiki nyingi za safari, za zamani pia. Mimi napenda zenye ugumu mmoja mwanzo hadi mwisho kuliko zile zinazoongezeka ugumu kadiri zinavyobanwa, japo hizo za pili ukiwa mtu wa kubadilisha mzigo sana leo peke yako kesho na abiria zinakufaa. Oili ya zamani ikimwagwa utaiona yenyewe, inatoka ya kijivu nzito kama maji ya simenti na inanuka vibaya, ule ukijivu ni unga wa chuma uliosagika humo ndani. Na kabla hujalipa sili mpya pitisha ukucha juu ya bomba la mbele, pale sehemu inapopita sili, ukikwama hata kidogo kuna kitundu cha kutu na sili yoyote utakayoweka itavuja tena, bomba lishughulikiwe kwanza. Fundi apime kimo cha oili shokapu ikiwa imebanwa mpaka chini na springi ikiwa nje, sio kumimina kwa kukadiria.

NAMBA MBILI shokapu ya nyuma iliyoagizwa kwa uzito wako, inayofunguka kufanyiwa sevisi. Kama unabeba abiria karibu kila safari basi geuza, hii iwe namba moja. Öhlins ni nzuri mno na bei yake inajulikana, Wilbers na Nitron wako karibu naye, Hagon ya Uingereza ni ya mtu wa bajeti anayetaka kitu cha kuaminika kisicho na mambo mengi, YSS ya Thailand nayo kwa hela yake inajitahidi. Kipengele cha kwanza ningelipia zaidi ni kile kirungu cha kukaza springi kwa mkono pembeni bila spana, maana ukiwa safarini abiria akapanda hautafungua boksi kutafuta spana, utaacha hivyo hivyo. Cha pili ni skrubu ya kurekebisha spidi ya shokapu kurudi juu. Vingine ni vya mbio.

Tatu, kufufua shokapu yako ya zamani. Nyingi za kiwandani zimezibwa lakini fundi mwenye vifaa anaweza kuiwekea valvu, kubadilisha oili na sili na kujaza nitrojeni upya. Inafaa hasa kama pikipiki yako ni adimu au ina shokapu za umeme kama ESA ya BMW, maana ukiweka ya kawaida bila mpango dashibodi inaweza kukuletea taa ya hitilafu.

Nne, katriji kamili za mbele, yaani ule mtambo wote wa ndani ya shokapu unaobadilishwa mzima mzima. Tamu sana, ila kwa mwendo wa safari tofauti yake na springi nzuri hailingani na bei. Kama shokapu zako za mbele ni za mfumo wa zamani wenye vitundu tu vya kupitisha oili, kuna valvu za Race Tech za kuongezea, hizo zinatosha kabisa.

Za kuacha: shokapu zisizo na jina zinazosema zinaingia pikipiki zote, kuweka oili nzito ukitegemea itaziba pengo la springi laini, na shokapu ya mtumba kutoka pikipiki ya modeli ileile yenye kilomita zilezile, si umenunua uchovu uleule?

Kwa wenye BMW za Telelever, huko mbele kuna shokapu moja kama ya nyuma, kwa hiyo unanunua mbili na ile habari ya springi ndani ya mabomba haikuhusu. Gold Wing kuanzia ya 2018 nayo mbele ni mfumo wa mikono yenye shokapu yake. Na wale wa Harley za safari zenye shokapu za upepo, jazeni kwa pampu ndogo ya mkono tu, kompresa ya gereji inaweza kupasua sili kwa sekunde maana nafasi ya upepo humo ni ndogo sana.

Ukiagiza andika uzito wako ukiwa umevaa kila kitu, uzito wa abiria, mzigo, na usidanganye kilo hata tano. Kumbuka pia shokapu nzuri haiongezi uzito ulioruhusiwa kwenye kibati cha pikipiki, ule ni wa fremu, breki na matairi pia. Urefu wa shokapu uwe uleule wa kiwandani, nyuma ikipanda usukani unakuwa mwepesi na stendi ya pembeni inalaza pikipiki kupita kiasi. Baada ya kufunga rekebisha mwanga wa taa ya mbele, na ukishatembea kama kilomita 1,000 pima tena maana springi mpya huwa zinakaa kidogo.