Nilivyompata wakili wa kesi ya kufutwa kazi hapa Mombasa

Nilikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nilipopeleka barua ya kuomba likizo ya uzazi, haukupita muda nikaambiwa biashara imeshuka na nafasi yangu imeondolewa. Idara nzima aliyeondolewa ni mimi peke yangu, na kabla sijajifungua meza yangu ikawa na mtu mwengine.

Mombasa mawakili si haba. Pita Barabara ya Nkrumah au Moi Avenue uone vibao vilivyosongamana. Lakini wengi wao hushika kila kitu: mashamba, talaka, ajali za matatu, na kesi za kazi zikitokea. Wa kwanza niliyemwendea hakuisoma hata barua yangu ya kufutwa. Aliuliza mshahara wangu, akaniahidi mamilioni, kisha akasema nisilipe kitu, tukishinda tugawane nusu kwa nusu. Maneno matamu hayo kwa mtu asiye na kazi na tumbo limeshakuwa kubwa. Ila Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu, na fidia ya kufutwa kazi isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Nikaaga.

Huyu niliye naye sasa nilielekezwa na wifi yangu, aliyewahi kuishtaki hoteli. Ni mama mtu mzima, na hata sijaketi vizuri akauliza, “Mwanangu, umekuja na karatasi gani?” Nikatoa mkataba, stakabadhi za mshahara, nakala ya ombi la likizo lenye muhuri wa kupokelewa, na barua ya kufutwa. Akazipanga kwa tarehe. Kisha akaniuliza: Kampuni iliiarifu ofisi ya kazi mwezi mmoja kabla? Nililipwa angalau siku 15 kwa kila mwaka niliofanya kazi? Mbona nimeondolewa mimi, na walioajiriwa baada yangu wamebaki? Kumbe hayo yote yamo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na mimi nililipwa notisi tu.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakunificha palipo dhaifu. Maneno ya msimamizi wangu kuhusu mimba yalikuwa ya mdomo. Akanieleza kuwa kubagua kwa ajili ya ujauzito ni marufuku na kwamba mwajiri ndiye wa kuthibitisha hakubagua, lakini hakimu naye anataka pa kuanzia, kwa hivyo nimtafute mwenzangu aliyesikia. Hapo ndipo pagumu, maana walio ndani wanaogopa mkate wao.

Kwa kuwa mshahara wangu haukuzidi shilingi 80,000, kesi ilikwenda kwa hakimu badala ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kabla ya hapo wakili aliiandikia kampuni barua ya madai. Ada tuliandikiana, nalipa kidogo kidogo na kila nikilipa napewa risiti. Alinitajia pia Kituo Cha Sheria na FIDA Kenya, mashirika ya msaada wa kisheria ambayo yote yana ofisi hapa mjini, nikishindwa kumlipa. Ni wakili gani mwengine angekuonyesha mlango wa pili? Hata hivyo nililitafuta jina lake katika orodha ya Chama cha Mawakili, nikaona leseni yake ni ya mwaka huu.

Ubaya wake ni simu. Hashiki. Siku moja kesi iliahirishwa nikapata habari mlangoni mwa mahakama, nimembeba mtoto. Siku hizi namwandikia karani wake WhatsApp, na huyo hujibu upesi.

Sasa kampuni imeleta pesa tumalize nje ya mahakama. Wakili aliniandikia hesabu mbili, ya kupokea leo na ya kungoja hukumu, akaniachia uamuzi. Nimemwambia awaambie waongeze, na walete cheti changu cha utumishi, maana ni haki yangu kisheria na mpaka leo hawajanipa.