Mita ya DT-830: nzuri kwa ukinzani, si kwa mkondo mkubwa

Mita ya kidijiti ya aina ya DT-830, ile ndogo ambayo viwanda vingi huitengeneza kwa majina tofauti na mara nyingi kwa rangi ya njano, ndiyo inayonunuliwa na wanafunzi wengi wa fizikia na mafundi wanaoanza. Hapa naitathmini kwa kazi moja tu, nayo ni kukokotoa ukinzani na nguvu ya vyombo vya umeme vya nyumbani.

Katika kazi hiyo inajitahidi kuliko bei yake. Nilichukua birika lenye lebo ya volti 230 na wati 2000, nikalichomoa ukutani, nikabonyeza swichi yake, kisha nikagusisha nyaya za kupimia kwenye pini mbili za plagi zinazopitisha mkondo, mita ikiwa kwenye kipimo cha omu 200. Kioo kilionyesha 27.1. Nyaya zenyewe zikigusanishwa zinatoa 0.6, kwa hiyo ukinzani wa birika ni omu 26.5. Kwa kuwa nguvu ni volti zidisha volti, gawanya kwa ukinzani, jibu ni 52,900 gawanya kwa 26.5, yaani wati 1996. Lebo haikudanganya. Ile 0.6 haina uzito mkubwa kwa birika, lakini anayepima kizuizi cha omu 1 bila kuitoa atakosea kwa asilimia 60.

Faida kubwa zaidi huonekana umeme unapokuwa hafifu. Volti zikishuka hadi 205, birika hilohilo hutoa takribani wati 1586, pungufu ya zaidi ya wati 400, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Anayedhani kwamba hapo anaokoa uniti za LUKU anajidanganya, maana maji yaleyale yanahitaji nishati ileile ili yachemke, na kadiri yanavyochelewa ndivyo joto linavyozidi kupotea.

Kuna kifaa kimoja ambacho mita hii, kama mita nyingine yoyote, itampotosha mtumiaji asiyejihadhari: balbu ya zamani ya waya wa tangsteni. Balbu ya wati 60 ikiwa baridi huonyesha omu 70 hivi, na kanuni ileile ingeipa zaidi ya wati 750. Kosa si la mita wala la kanuni ya volti, mkondo na ukinzani aliyoichapisha mwanafizikia Georg Ohm mwaka 1827. Waya huo ukiwaka, ukinzani wake hupanda hadi karibu omu 880. Waya wa birika haubadiliki kiasi hicho, ndiyo maana hesabu yake ilikubali.

Nisichokipenda ni tundu la ampea 10. Katika nyingi za mita hizi halina fyuzi, na maandishi yaliyo pembeni yake huruhusu sekunde chache tu za kupima. Zaidi ya hayo, mtu akisahau waya mwekundu humo kisha akapima volti za ukutani, atakuwa amesababisha shoti mkononi mwake. Kwa birika hakuna haja ya kulitumia kabisa: volti 230 gawanya kwa omu 26.5 ni ampea 8.7.