Uzoefu wangu: reptilia wa bahari ya kale katika Natural History Museum, London

Kama mwanao anapenda dinosaria, mpeleke akaone ushoroba huu. Ni mrefu, uko ndani ya makumbusho, na mifupa ya iktiosauri na plesiosauri, reptilia wa bahari ya kale, imepangwa ukutani. Hakuna dinosaria hata mmoja kati yao, na hilo ndilo lililonifurahisha, maana vitabu vya watoto nilivyowahi kununua huwatia wote kapu moja.

Ukisimama mbele ya mifupa yenyewe, tofauti unaiona kwa macho. Dinosaria miguu yake hukaa wima chini ya kiwiliwili. Hawa miguu yao imekuwa makasia ya kuogelea. Iktiosauri ana umbo la pomboo, ila pezi la mkia wake limesimama wima kama la papa. Nao iktiosauri hawakutaga mayai ufukweni kama kasa: visukuku vya Holzmaden, Ujerumani, vina vitoto ndani ya matumbo ya mama zao.

Nilikaa sana kwa plesiosauri ambaye Mary Anning, mtafuta visukuku, alimpata Lyme Regis, Uingereza, mwaka 1823. Shingo yake ni ndefu mno hata Georges Cuvier, bingwa wa anatomia wa Ufaransa, akashuku kwamba mifupa imeungwaungwa. Baadaye alikubali kuwa ni ya kweli. Mwanajiolojia William Conybeare alimweleza mnyama huyo mbele ya wanajiolojia wa London mwaka 1824 bila kumtaja Anning. Linaniuma hadi leo.

Kisha mtafute Rhomaleosaurus, plesiosauri wa aina nyingine. Ni nakala ya mnyama aliyepatikana Kettleness, Yorkshire, mwaka 1848: kichwa kikubwa, shingo fupi kuliko ya mwenzake. Zamani wataalamu waliwagawa plesiosauri kirahisi, wenye shingo ndefu huku, wenye shingo fupi kule. Mgawanyo huo haukudumu, kwa kuwa shingo fupi na kichwa kikubwa vilijitokeza zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali. Ndiyo maana sasa fuvu, kaakaa, uti wa mgongo na mifupa ya mabega vyote huchunguzwa kabla ya kuamua nani ni ndugu wa nani. Nakushauri uwatazame hawa wawili kwa zamu, ukianza na fuvu.

Kiingilio ni bure. Shuka stesheni ya South Kensington, na uende asubuhi, kabla ushoroba haujajaa watu.