Bei kamili kwa pinboli yenye kikono kimoja

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda na dada yangu kwenye ukumbi mmoja wa michezo. Dada anatumia kiti cha magurudumu, na pinboli, ule mchezo wa mashine ambao unapiga gololi kwa vikono viwili vidogo isiteremke na kutumbukia chini ya ubao, anaipenda tangu utoto. Ukumbini hawapokei tena sarafu. Unanunua kadi na kuijaza kwa kiwango walichopanga wao, na kiwango hicho hakigawanyiki kwa bei ya mchezo, kwa hiyo ndani ya kadi kitabaki tu kipande kisichotosha hata mchezo mmoja. Hilo nililimeza.

Mashine wamezibananisha ubavu kwa ubavu. Mtu aliyesimama atajipenyeza, lakini mwenye kiti atapita wapi? Vifungo vya kuinulia vikono viko kwenye mbavu za kabati, kimoja kila upande, na dada alifikia cha kushoto tu. Tukagawana: yeye kushoto, mimi kulia. Tukawa tunapigiana kelele, "Sasa!", "Shika, shika!", na kwa dakika chache nikasahau mambo ya kadi.

Kisha kikono cha kushoto kikalegea. Kikono chake yeye. Gololi inateremka, dada anabonyeza kwa wakati wake kabisa, na kile kikono kinainuka kama mgonjwa anayeamka na homa. Gololi inapanda kidogo, inarudi, inatumbukia katikati. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Kadi imekatwa bei kamili. Tukalipa tena, tukidhani labda ni sisi, na matokeo yakawa yaleyale.

Nikamwita mhudumu. Akasimama hatua mbili nyuma, hata kifungo hakukigusa. "Kaka, mashine ni nzima. Labda dada hajazoea. Huu mchezo unataka wepesi." Akayasema hayo macho yake yakiwa kwenye kiti, si kwenye mikono ya dada. Dada hakujibu neno. Kimya chake ndicho kilichonichoma hadi leo.

Mashine nzima? Chini ya ule ubao kila kikono kina koili, yaani sumaku ya umeme inayokiinua, yenye nyaya mbili: mmoja wa nguvu wa kupiga, mwingine dhaifu wa kukishikilia kikiwa juu. Kwenye mashine za zamani, na hii ilikuwa ya zamani, kuna swichi ndogo inayobadilisha umeme kutoka waya huu kwenda ule. Midomo ya swichi ikiungua au ikichafuka, umeme haufiki vizuri kwenye waya wa nguvu, na kikono kinalegea. Dawa yake ni kuisugua swichi na kuirekebisha, kazi ya dakika chache. Anayekaa na mashine hizi kila siku hawezi kuniambia hajawahi kuliona jambo hilo.

Na hapo ndipo ninapogombana na bei. Kwenye pinboli hununui kitu cha kubeba nyumbani, unanunua muda wa gololi kukaa juu ya ubao. Mwenye mashine ana njia nyingi za kuupunguza muda huo bila kugusa bei iliyobandikwa: anaongeza mwinamo wa ubao, au anaibana nafasi kati ya timazi, ule uzito unaoning'inia ndani kupima mtikisiko, na pete inayoizunguka, ili mashine izime ukiitikisa kidogo tu. Kuacha kikono kife ni njia mbaya kuliko zote, kwa sababu kinaondoka kile kitu kinachoufanya huu kuwa mchezo. Vikono vilikuja mwaka 1947. Kabla ya hapo ulikuwa unarusha gololi, unausukuma ubao kidogo na kuomba. New York waliipiga pinboli marufuku miaka ya 1940 wakiiita kamari, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1976, baada ya Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, kucheza mbele ya wajumbe wa baraza la jiji na kuwaonyesha kwamba mchezaji anaielekeza gololi anakotaka. Dada yangu alilipa ili aielekeze gololi. Akauziwa kamari.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kuandika: msiende, kabisa.

Ila tukiwa tunatoka akatukimbilia kijana mwingine, fundi wao, mikono imejaa grisi. Alikuwa ameyasikia yote. Akavuta kioo, akainua ubao, akasugua, akajaribu, akasugua tena. Kisha akaisukuma mashine ya jirani peke yake mpaka kiti kikapita, na dada akaingia katikati, mikono yote miwili kwenye vifungo. Akafungua mlango mdogo wa mbele akampa mchezo bila kadi. "Karibu, dada. Cheza." Kikono kilipiga! Mlio ule wa gololi kugonga shabaha ya juu kabisa, na dada akipiga ukelele uliowageuza watu wote ukumbini, siusahau.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Kwa fundi yule ningerudi hata kesho. Kwa mhudumu yule, hapana. Na nilipoomba salio la kwenye kadi nikaambiwa halirudishwi, damu ikachemka upya, maana hela ya mchezo uliokufa nayo hawakuirudisha.

Kadi ninayo bado, na kile kipande ndani yake. Jana dada kaniuliza tunakwenda lini.