HP EliteDesk 800 G3 Mini sebuleni: miezi minne na Kodi

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa siku stima iliporudi kwa kishindo hapa Kondele, Kisumu. Bodi ilitoa harufu, basi. Kwa miaka sita ilikuwa ikituendeshea mfumo wa Linux na Kodi, programu ya kuchezea video, kwenye runinga, na watoto waliiomboleza kuliko mimi.

Nikashuka mjini, barabara ya Oginga Odinga, kutafuta mashine ya eksi-UK. Muuzaji aliniwekea mbili mezani, zote EliteDesk 800 Mini, mimi naona mapacha. Moja ni G2 yenye i7-6700T, nyingine G3 yenye i5-7500T. "Omera, beba i7. i5 ya nini?"

Hapo ndipo wengi hunaswa. Kwa kazi ya runinga usiangalie i5 au i7, angalia kizazi, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6700T ni cha 6, 7500T ni cha 7. Chipu za Intel za kizazi cha 6 hufungua HEVC (mtindo wa kubana video) ya biti 8; ile ya biti 10 ilipata nafasi yake kamili ndani ya chipu kuanzia kizazi cha 7. Bila hiyo, mzigo wote unaiangukia prosesa.

Maneno hayakumwingia, kwa hiyo nikatoa flashi. Nilikuwa nimeiwekea Linux, Kodi na video ya harusi ya binamu yangu, 4K, iliyopigwa kwa iPhone kwa HEVC ya biti 10. Kwenye G2 bibi harusi alitembea kwa kushtukashtuka huku feni ikilia kama kinu cha posho. Kwenye G3, kimya. Nikabonyeza herufi O, Kodi ikaonyesha "vaapi" na alama ya HW, yaani chipu ndiyo inayofanya kazi. Muuzaji mwenyewe akainama kutazama. Nikalipa Sh17,000, pamoja na memori ya GB 8 na SSD ya GB 256.

Kasoro zipo. Yangu haina tundu la HDMI, ina DisplayPort mbili tu, kwa hiyo nilinunua adapta. Ile ya bei rahisi hutoa 4K kwa Hz 30 pekee. Runinga yangu ni ya 1080p, hainisumbui. Sauti haikutoka mpaka nilipobadilisha njia yake kwenye mipangilio ya Kodi. AV1, mtindo mpya zaidi wa kubana video, isahau, hiyo inataka kizazi cha 11. Rimoti ya runinga pia haiitambui, kwa hiyo tunatumia Kore, programu ya rimoti ya Kodi, kwenye simu, na simu ikiisha chaji ni vita. Kagua na chaja: niliyopewa kwanza haikuwa ya HP, mashine ikalalamika kila ikiwashwa hadi nikairudisha.

Kitu ninachokipenda zaidi kimo kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine: After Power Loss, nikaiweka Power On. Nimeongeza na gadi ya runinga ukutani. Sasa stima ikirudi saa nane usiku, naisikia feni ndogo ikianza yenyewe sebuleni, nami nageuka upande wa pili.